UPEPO WA MATAIRI, JOTO NA AINA YA GESI
Maelezo kwa watumishi wa Serikali na wakazi wa Ukerewe wanaosafiri kwa magari kwenda Mwanza

Madereva wa magari ya Serikali pamoja na wananchi wa Ukerewe wanaosafiri kwa magari yao wanaombwa kuyasoma maelezo haya kabla ya safari ijayo. Yanahusu upepo wa matairi, na hasa tabia moja iliyozoeleka barabarani, nayo ni kupunguza upepo wa tairi lililokwisha kupata moto. Tabia hiyo hufanywa kwa nia njema, lakini matokeo yake ni kinyume kabisa cha yale yaliyokusudiwa.

Mfano ufuatao unalieleza jambo lenyewe. Gari limelala Nansio. Alfajiri dereva anayapima matairi na kukuta PSI 32, yaani ratili 32 kwa kila inchi moja ya mraba, ambayo ndiyo namba iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa gari hilo. Joto la asubuhi hiyo ni nyuzi 20 za Sentigredi. Gari linavuka kwa kivuko kutoka Rugezi hadi Kisorya, linapita Bunda na Magu, linaingia Mwanza mchana jua likiwa kali, kisha linafuata barabara ya Kenyatta kupitia Igogo hadi Mkuyuni. Hapo dereva anasimama kwa fundi wa matairi kuangalia hali ya gari kabla ya kuendelea Nyegezi na Shinyanga. Geji inasoma karibu 37. Dereva anaambiwa, au anajiambia mwenyewe, kwamba upepo umezidi na tairi litapasuka. Valvu inabonyezwa mpaka geji isome 32. Safari inaendelea huku kila aliyemo garini akiamini kwamba hatari imeondolewa.

Kilichoondolewa ni upepo uliokuwa ukihitajika. Usiku ule tairi likipoa na kurudi kwenye nyuzi 20, geji ileile itasoma chini kidogo ya 28. Hapakuwa na pancha wala valvu inayovuja. Tairi limepungukiwa kwa mkono wa mwenyewe, tena kwa zaidi ya sehemu moja katika kila sehemu kumi za upepo lililotakiwa kuwa nao.

KWA NINI GEJI HUPANDA

Gesi iliyofungiwa ndani ya chombo kisichotanuka huongezeka mgandamizo kadiri inavyopata joto. Mfaransa Guillaume Amontons alilichunguza jambo hilo zaidi ya miaka 300 iliyopita, kabla ya kuwapo tairi la upepo hata moja duniani. Tairi lililoleta biashara hii yote lilitengenezwa na John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo, huko Belfast mwaka 1888. Kanuni ni nyepesi: joto likipimwa kutoka kwenye sifuri halisi, yaani nyuzi 273 chini ya sifuri ya Sentigredi, mgandamizo hupanda na kushuka kwa uwiano uleule wa joto. Kwa hiyo nyuzi 20 huhesabiwa kuwa 293, na nyuzi 50 huwa 323.

Lakini kuna hatua moja ambayo wengi huiruka. Geji haisomi mgandamizo wote uliomo ndani ya tairi. Husoma ziada tu, yaani kiasi ambacho hewa ya ndani imeizidi hewa ya nje. Tairi lililopasuka husoma sifuri, ingawa ndani yake mna hewa ileile inayotuzunguka, nayo ina mgandamizo wake. Kandokando ya Ziwa Viktoria, ambako uso wa maji uko kiasi cha meta 1,134 juu ya usawa wa bahari, mgandamizo huo wa hewa ya nje ni karibu PSI 12.8. Katika pwani ya Dar es Salaam ni karibu 14.7.

Basi hesabu ya gari lililotajwa ni hii. Geji ilisoma 32, ukiongeza 12.8, mgandamizo wote ni 44.8. Tairi likipata joto la nyuzi 50, zidisha 44.8 kwa 323 na kugawa kwa 293, utapata 49.4. Toa tena 12.8 za hewa ya nje, na geji itasoma 36.6. Tairi hutanuka kidogo linapopata moto, kwa hiyo namba halisi inaweza kuwa chini kidogo ya hiyo, lakini kwa dereva tofauti hiyo ni ndogo. Kipimo rahisi cha kukumbuka ni kwamba, kwa gari dogo katika eneo la Ziwa, kila nyuzi 10 za joto huleta mabadiliko ya PSI moja na nusu. Kwa lori lenye matairi ya PSI 100, nyuzi 10 hizohizo huleta karibu PSI 4, kwa kuwa gesi iliyofungiwa ni nyingi zaidi.

Hapo ndipo pia panapojibiwa swali la madereva wanaotoka pwani. Tairi lililojazwa PSI 32 Dar es Salaam na kufika Mwanza bila kuongezwa wala kupunguzwa chochote litasoma karibu 34 kwa joto lilelile, kwa sababu hewa ya nje huku juu ni nyepesi zaidi. Kwa kuwa asubuhi za Mwanza kwa kawaida zina ubaridi kuliko za Dar es Salaam, sehemu ya ongezeko hilo hufutwa na ubaridi huo, na mara nyingi dereva haoni tofauti ya kumshughulisha.

Watengenezaji wa magari wanalijua hilo la kupanda kwa upepo. Namba wanayoiandika kwenye kibandiko cha mlango ni ya tairi baridi, na ongezeko la njiani wamekwisha kulihesabu. Kupanda kutoka 32 hadi 37 si dalili ya ugonjwa; ni dalili kwamba tairi linafanya kazi yake. Ieleweke vilevile kwamba namba kubwa iliyochorwa ubavuni mwa tairi lenyewe si ya kufuatwa wakati wa kujaza. Hiyo ni ya mwisho ambayo tairi limeruhusiwa, nayo haijui limefungwa kwenye gari la aina gani.

MADHARA YA KUPUNGUKIWA UPEPO

Mpira wa tairi haubebi gari. Kinachobeba gari, abiria wake na mizigo yake ni upepo uliomo ndani. Upepo ukipungua, ubavu wa tairi hupinda zaidi kila linapogusa ardhi. Tairi la gari dogo huzunguka karibu mara 500 katika kila kilometa moja. Katika mwendo wa kilometa 80 kwa saa hizo ni mara 11 katika sekunde moja, na kila mzunguko una kupinda na kunyooka kwake. Mpira unaopindwa na kunyooshwa kwa kasi hiyo hupata joto, na kwa kuwa mpira haupitishi joto kwa urahisi, joto hilo hubaki ndani yake, hasa kwenye mabega ya tairi ambapo tabaka za mpira na nyuzi zake zimeunganishwa. Hapo ndipo tabaka huanza kuachana.

Kwa hiyo tairi lililopunguzwa upepo Mkuyuni kwa hofu kwamba litapasuka kwa joto ndilo litakalopata joto zaidi njiani. Mbaya zaidi, geji italificha kosa hilo. Tuseme tairi lililobaki na PSI 28 likiwa baridi limekwenda mbali, likapinda kupita kiasi na kufikia nyuzi 60. Hesabu ileile inatoa karibu 34. Dereva akipima njiani ataona 34 na kuridhika kabisa, kumbe tairi hilo ni pungufu na limechemka. Namba ya geji bila kujua joto la tairi ni nusu ya habari.

Wapo wanaotegemea taa ya tahadhari kwenye dashibodi. Taa hiyo ililetwa na sheria iliyopitishwa Marekani mwaka 2000, baada ya ajali nyingi zilizotokana na matairi kuachana tabaka, na tangu Septemba 2007 magari madogo mapya yote yanayouzwa nchini humo hutakiwa kuwa nayo. Lakini kiwango kilichowekwa na Marekani ni taa kuwaka upepo unapokuwa umepungua kwa robo nzima. Kwa tairi la 32 maana yake ni 24. Tairi la 28 halitaiwasha. Isitoshe, magari mengi yaliyotumika yanayoletwa kutoka Japani hayana taa hiyo kabisa.

Linalopaswa kufanywa ni hili. Tairi lipimwe likiwa baridi, na baridi maana yake ni gari lililosimama si chini ya saa tatu, au lililokwenda mwendo usiozidi kilometa moja na nusu hivi kutoka lilipolala. Lisipimwe likiwa limeegeshwa upande mmoja juani, kwani matairi ya upande huo yatasoma juu kuliko ya upande wa kivuli na kumfanya dereva ayapunguze bila sababu. Kama ni lazima kupima tairi likiwa moto na likaonekana liko sawa na namba ya mlangoni au chini yake, basi hilo ni pungufu bila shaka yoyote. Liongezwe upepo mpaka lizidi namba ya mlangoni kwa PSI 4 hivi, na lirekebishwe kesho yake asubuhi. Kama limezidi namba hiyo kwa PSI 4 au 6 baada ya safari ndefu, liachwe kama lilivyo. Likizidi sana kuliko hapo, au tairi moja likisoma juu mno kuliko wenzake, dawa yake si kubonyeza valvu. Gari lisimamishwe kivulini lipoe, mzigo uangaliwe, na gurudumu lichunguzwe kama breki yake haikushikilia.

Wale wanaopunguza upepo kwa makusudi ili gari lipite kwenye mchanga wanaruhusiwa na fizikia kufanya hivyo, kwa mwendo mdogo. Lakini upepo huo urudishwe kabla ya kuingia kwenye lami. Pampu ndogo ya mguu ndani ya gari inatosha kwa kazi hiyo, na haidai umeme wala mafuta ila uvumilivu wa anayeikanyaga.

NAITROJENI NA HEWA YA KAWAIDA

Katika miaka ya karibuni baadhi ya vituo vya matairi vimekuwa vikiuza gesi ya naitrojeni, na madereva huambiwa kwamba gesi hiyo haipandi kwa joto. Maneno hayo hayana ukweli. Naitrojeni hupanda kwa joto kama hewa, kwa uwiano uleule uliokwisha kuelezwa. Wala si ajabu, maana hewa ya kawaida yenyewe ni naitrojeni kwa asilimia 78. Asilimia 21 ni oksijeni, na iliyobaki ni gesi nyingine chache. Mwenye matairi ya naitrojeni aliyetoka Nansio na 32 atakuta 36 na ushee Mkuyuni kama mwenzake mwenye hewa ya bure.

Faida mbili za naitrojeni ni za kweli, ingawa si kubwa kwa gari la kawaida. Ya kwanza ni kwamba hupenya mpira polepole kuliko oksijeni. Shirika la Consumer Reports la Marekani lilijaribu jambo hilo kwa mwaka mmoja kuanzia Septemba 2006. Lilichukua jozi 31 za matairi, likajaza moja la kila jozi hewa na jingine naitrojeni, yote PSI 30, likayaweka nje. Mwaka ulipokwisha, yaliyojazwa hewa yalikuwa yamepoteza kwa wastani PSI 3.5 na yaliyojazwa naitrojeni 2.2. Tofauti ni 1.3 kwa mwaka mzima. Dereva anayepima matairi yake mara moja kwa mwezi hawezi kuihisi tofauti hiyo. Asiyepima hataokolewa na gesi yoyote, kwani hata naitrojeni ilipungua.

Faida ya pili ni kwamba naitrojeni inayouzwa kwa kawaida huwa kavu. Hili ndilo lenye uzito, na linastahili maelezo marefu kidogo, kwa sababu linahusu maji, na maji katika mwambao wa Ziwa hayakosekani hata hewani.

Hewa ya Mwanza na ya visiwani ina unyevu mwingi, hasa nyakati za mvua. Kompresa inapoivuta hewa hiyo na kuibana, unyevu hugeuka kuwa maji na kutuama chini ya tangi. Kila tangi la kompresa lina koki chini yake ya kuyatoa maji hayo. Fundi asipoifungua koki kwa muda mrefu, maji hupanda na kusafiri na hewa kupitia mpira hadi ndani ya tairi. Maji yakiwa baridi hayana neno. Yakipata joto hugeuka mvuke, na mvuke haufuati uwiano mpole wa gesi kavu. Huongezeka kwa kasi. Katika nyuzi 20 mvuke wa maji huongeza PSI 0.3 tu. Katika nyuzi 50 huongeza 1.8, na katika nyuzi 70, joto ambalo tairi lililozidiwa mzigo linaweza kulifikia, huongeza 4.5.

Tairi la mfano wetu lingekuwa na maji ndani lingesoma 38 katika nyuzi 50 badala ya 36.6. Katika nyuzi 70 lingesoma karibu 44, wakati tairi la hewa kavu lingekuwa na 39.6. Wala hayahitajiki maji mengi. Kwa tairi la gari dogo, nusu ya kijiko cha chai inatosha kuleta ongezeko hilo la kwanza. Yanayobaki huishambulia rimu kwa kutu na kuziharibu valvu. Kwa hiyo anayejali mabadiliko ya upepo wa tairi lake afanye jambo ambalo halina gharama: kabla ya kujaziwa upepo, amwombe fundi afungue koki ya chini ya tangi. Maji yakitoka kwa wingi, na yakiwa na rangi ya kutu, ni vizuri asubiri mpaka yaishe au aende kwa jirani. Hali kadhalika, tairi linalofungwa kwenye rimu likaushwe kwanza kwa kitambaa. Maji ya sabuni yanayopakwa ili tairi likae vizuri yawe kidogo, si ya kutiririka.

Wako pia waliokwisha kulipia naitrojeni na sasa wanaogopa kuongeza hewa ya kawaida, wakidhani gesi mbili zikikutana zitaleta madhara. Watu hao huenda na tairi pungufu siku kadhaa wakitafuta kituo chenye kofia za kijani. Hakuna madhara yoyote. Hata tairi lililojazwa naitrojeni kituoni kwa mara moja bado lina hewa iliyokuwamo kabla, na kwa hesabu ya PSI 32 huku kwetu oksijeni inayobaki ni karibu asilimia 6. Kuongeza hewa kwa pampu ya mguu Nansio, Bwisya au Rugezi ni salama, na ni bora mara nyingi kuliko kusubiri.

Kwenye ndege mambo ni tofauti, na sababu yake inafaa kujulikana. Tarehe 31 Machi 1986 ndege ya abiria ya Mexico aina ya Boeing 727 ilianguka muda mfupi baada ya kuruka, na watu wote 167 waliokuwamo walikufa. Breki moja ilikuwa imeshikilia na kupata moto mkali, na tairi lake lilikuwa limejazwa hewa ya kawaida badala ya naitrojeni. Mpira wa ndani ulipochemka ulitoa gesi zinazowaka; gesi hizo zilikutana na oksijeni iliyokuwamo, na tairi likalipuka ndani ya ndege. Mwaka uliofuata mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliagiza kwamba matairi ya magurudumu yenye breki ya ndege kubwa za abiria yajazwe naitrojeni au gesi nyingine isiyowaka, na oksijeni ndani yake isizidi asilimia 5. Gari dogo haliwekewi breki za joto la namna hiyo, na kwa hiyo hakuna anayelazimishwa kulijaza naitrojeni.

GESI NA MOTO VISIVYORUHUSIWA KABISA

Ajali ile ya ndege ina somo linalofika moja kwa moja kwenye karakana za kando ya barabara, ambapo mafundi wa kuchomelea na mafundi wa matairi mara nyingi hufanya kazi bega kwa bega. Mtungi wa oksijeni wa kuchomelea una mgandamizo mkubwa na mpira wake unafika kirahisi kwenye valvu ya gari. Usitumike kujaza tairi hata mara moja, hata kama kompresa imekatikiwa umeme na abiria wanalalamika. Oksijeni tupu ikikutana na grisi, mafuta au mpira wenye joto huweza kulipuka bila kiberiti. Gesi ya kupikia isitumike vilevile. Tairi lililojazwa gesi hiyo halitoi dalili yoyote kwa dereva, na atakayeumia si yule aliyeijaza bali ni fundi wa siku nyingine atakayelileta karibu na moto bila kujua kilichomo.

Kuchomelea rimu huku tairi likiwa limefungwa juu yake ni kosa kubwa zaidi, nalo hufanywa na watu wenye akili timamu kwa sababu tu wanaamini kwamba tairi likitolewa upepo haliwezi tena kupasuka. Linaweza. Moto wa kuchomelea huuchoma mpira kwa ndani, nao hutoa gesi zinazowaka zinazochanganyika na hewa iliyobaki, na mlipuko huja bila kujali kwamba valvu ilikuwa wazi. Mara nyingine huja baadaye, wakati kazi imekwisha na watu wamekaa karibu. Tairi la lori likilipuka hivyo huua. Tairi livuliwe kwenye rimu kabisa, kisha ndipo moto uwashwe.

Ile desturi ya kumimina petroli kidogo kwenye tairi na kuiwasha ili likae kwenye rimu kwa mshindo inajulikana na wengi, na baadhi huiona kuwa ufundi. Aliyesimama karibu hana namna ya kujua ni petroli kiasi gani iliyomiminwa. Watumishi wenye dhamana ya magari ya Serikali wasikubali gari lolote walilokabidhiwa litengenezwe kwa njia hiyo.

Matairi ya malori yanapojazwa yawekwe ndani ya kizimba cha chuma, na anayejaza asimame pembeni, mkabala na kashata za tairi, mpira wa kompresa ukiwa mrefu wa kutosha. Asisimame wala kuchuchumaa mbele ya ubavu, maana ubavu na rimu ndivyo vinavyoruka.

Kuhusu kabonidioksidi, ambayo baadhi ya waendesha baiskeli wa mashindano huitumia kwa mitungi midogo, inatosha kusema kwamba hailipuki wala haiwaki, lakini hupenya mpira haraka sana, na tairi lililojazwa jioni linaweza kukutwa limelegea kesho yake.

GEJI, TAIRI LA AKIBA NA KUMBUKUMBU

Geji zinazoning'inia kwenye kompresa za barabarani huanguka, hukanyagwa na kunyeshewa mvua. Si jambo la ajabu mbili kati yake kutofautiana kwa PSI 3 au 4. Kila gari la Serikali liwe na geji yake ndogo, itunzwe ndani ya gari, na itumike hiyohiyo kila mara. Hata kama ina kosa dogo, kosa hilo litakuwa lilelile siku zote na kupungua kwa upepo kutaonekana. Namba ya kila tairi iandikwe katika daftari la gari pamoja na tarehe na saa, na palipopimwa tairi likiwa moto iandikwe kuwa ni moto. Bila neno hilo moja, anayelisoma daftari baadaye hawezi kujua kama 34 ilikuwa afya au ugonjwa.

Tairi hupoteza upepo kidogo kila mwezi hata likiwa zima, na la akiba halisamehewi. Mara nyingi ndilo linalosahauliwa mpaka siku linapohitajiwa. Lijazwe kwa namba kubwa zaidi kati ya zile za kibandiko, kwani halijulikani litafungwa mbele au nyuma na mzigo gani, na kulipunguza likiwa baridi ni rahisi kuliko kulijaza mahali pasipo kompresa. Wakati wa kulipima, zisomwe pia tarakimu nne za mwisho za alama iliyoanzia na herufi DOT ubavuni mwake. Mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka lilipotengenezwa. Tairi lenye 2315 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2015, na hata kama kashata zake ni nzima kwa kuwa halijawahi kugusa barabara, mpira wake umekwisha kuzeeka.

Kofia ya valvu nayo irudishwe mahali pake kila baada ya kupima. Vumbi la barabara za kisiwani likiingia kwenye valvu huizuia kufunga sawasawa, na hapo upepo hutoka kidogokidogo usiku kucha bila sauti.